LED ya wati 300 haiifikii flashi ya 300

SWALI: Nina studio ndogo Malindi na flashi ya wati-sekunde 300. Juzi nilinunua taa ya LED ya wati 300, muuzaji akanihakikishia nguvu ni ile ile. Nikipiga f/8 (tundu la lenzi), shata 1/125 ya sekunde na ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga) kama nilivyozoea, picha inatoka giza tupu. Je, taa ni mbovu?

JIBU: Taa ni nzima, ndugu yangu. Kibovu ni hesabu ya aliyekuuzia, na hesabu hiyo naisikia hapa Lamu kila msimu wa harusi ukikaribia.

Flashi hujaza kapasita, yaani ghala lake la umeme, kisha ikamwaga jouli zote 300 (jouli ndiyo hiyo wati-sekunde) kwa mpigo mmoja kabla shata haijafunga. LED huzitoa jouli 300 kwa sekunde nzima, nawe umeifungulia mlango kwa 1/125 tu. Gawa 300 kwa 125: kamera imeambulia jouli 2.4. Hata tukiipendelea LED, tuseme kila jouli yake inazaa mwanga maradufu, bado imeachwa nyuma kama stopu 6, na kila stopu ni mwanga mara mbili. Maana yake ISO ipande kutoka 100 hadi 6400 ndipo zilingane, na hapo mikunjo ya kanzu nyeupe imeshajaa chenga.

Linaloniudhi ni macho kufanywa mizani. Muuzaji anawasha LED dukani, mteja anafinya macho kwa ule ukali, basi keshaamini. Flashi inamulika mara moja imezimika, ikaonekana dhaifu. Ile flashi ndogo tu ya kuvika juu ya kamera, ya wati-sekunde 60 hivi, kwa shata yako hiyo hiyo itaishinda LED yako mbali.

Kisha kuna maboksi yaliyoandikwa "sawa na wati 1,000". Sawa na nini? Mara nyingi ni balbu za zamani za waya, ambazo sehemu kubwa ya umeme wake iliishia kuwa joto. Namba hiyo iache hapo hapo dukani. Uliza lux, kipimo cha mwanga unaofika mahali, kwa umbali wa mita 1, na uulize pia imepimwa na kiakisi au bila, kwa sababu kiakisi chembamba hukusanya mwanga wote mahali pamoja. Ukivisha softboksi, lile boksi la kitambaa la kulainisha mwanga, namba inaporomoka.

Kuna na wale mafundi wa mtandaoni: "shusha shata hadi 1/15, tatizo kwisha." Kwa kofia ya vito iliyowekwa mezani, kamera kwenye tripodi, sawa kabisa, ukifika sekunde 1 LED yako imeshatoa jouli zake 300. Video nayo haina njia ila taa inayowaka mfululizo kama LED. Lakini mtoto aliyevalishwa nguo za Idi hatulii, na mikono yake itatoka kama moshi. Halafu mzazi anarudi kudai pesa zake kwako, si kwa fundi wa mtandaoni.

Flashi usiiuze. Na kabla ya kununua LED nyingine, nenda na kamera yako, muuzaji avishe softboksi, upige kwa f na shata unazotumia kazini. Akikataa, ondoka na hela zako.