Sumaku au koili: katriji ipi kwa mashine yangu ya santuri?

SWALI: Mashine yangu ina katriji (kile kifaa kinachoshika sindano mwishoni mwa mkono wa mashine) ya sumaku inayotikisika. Fundi ananishauri ninunue Denon DL-103, ambayo ni ya koili inayotikisika. Je, inafaa? Ninazo pia santuri za mizunguko 78 kwa dakika za marehemu babu. – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kutoa fedha, tazama nyuma ya amplifaya yako. DL-103 hutoa takriban milivolti 0.3 tu, ilhali katriji za sumaku hutoa kati ya 3 na 5; kwa hiyo, ikiwa tundu la fono, yaani la kuchomekea mashine ya santuri, halina swichi iliyoandikwa MC (koili inayotikisika), itakubidi uongeze kikuzaji au transfoma, la sivyo utasikia wimbo kwa mbali huku mvumo ukitawala. Tena katriji hiyo, iliyobuniwa miaka ya 1960 kwa ajili ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, inataka mashine yenye mkono mzito. Sauti yake ni nzuri, sikatai, lakini sindano ikilika huwezi kuibadili mwenyewe.

Mimi ningechukua Audio-Technica ya mfululizo wa VM95, ya sumaku, ambayo sindano yake huchomolewa kwa vidole. Ipo pia sindano ya mizunguko 78, yenye ncha ya takriban maikroni 76. Santuri za babu zina mifereji mipana, hivyo sindano ya kawaida huzama hadi chini penye vumbi na kukwaruza. Kila unapobadili sindano, pima upya uzito ambao mkono huuweka kwenye sindano, kwa kuwa ile ya 78 huhitaji mgandamizo mkubwa zaidi.