PhET bila intaneti darasani
Mwalimu, majaribio ya PhET (majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye kompyuta, kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder) hayahitaji intaneti ukishayapakua. Chukua yale ya HTML5, yaani yanayofunguka kwenye kivinjari cha kawaida: ni bure, kila jaribio ni faili moja, unaiweka kwenye flashi na kuifungua kwa Chrome au Firefox. Mimi hufundisha fizikia hivyo. Napakua nyumbani, shuleni nafungua lile la saketi za umeme kwa laptopu moja na projekta, na wanafunzi wanaunganisha betri na balbu wenyewe mpaka waone kwa nini taa inafifia. Wanalipenda mno! Baadhi yana tafsiri ya Kiswahili, na tafsiri hiyo ina faili lake la kupakua. Ila yale ya zamani yaliyoandikwa kwa Java, lugha ya programu, hayafunguki kwenye simu.