Muulize Fundi: Kitonga linachemsha, Njombe halipati moto

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Land Rover 109 ya petroli, ya mwaka 1974, niliyoachiwa na marehemu baba. Asubuhi za Juni mshale wa joto hauinuki mpaka nikaribie Makambako, na hita inapuliza baridi tupu. Lakini nikirudi kutoka Dar, nikianza tu kupanda mlima Kitonga, linachemsha. Fundi wangu alitoa thamostati mwaka juzi, akasema ni kitu cha Ulaya. Sasa anataka tununue wota pampu, ile inayosukuma maji ya kupoza injini. Nikubali? – Msomaji, Njombe.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hela ya pampu iache mfukoni kwanza.

Ningemcheka fundi wako, ila hata mimi nilizitoa. Miaka ya themanini, gereji niliyojifunzia ilikuwa na debe la thamostati tulizong'oa, na kila mwenye gari tulimwambia maneno hayohayo: nchi ya joto haihitaji. Njombe ni nchi ya joto? Mwezi wa saba huko majani yanaganda barafu!

Thamostati huyazuia maji yasiende kwenye rejeta (lile tangi la mirija linaloyapoza) mpaka injini ipate moto wake, kama nyuzi 82 hivi, ndipo inafungua. Ukiitoa, maji yanapoozwa tangu unapowasha gari. Petroli inaliwa, oili inashika unyevu (fungua mfuniko wa oili, nadhani utakuta utando kama maziwa yaliyoganda), na silinda zinalika kabla ya wakati. Hita nayo itapata wapi joto, wakati inategemea maji hayohayo? Nunua mpya. Kabla ya kuifunga, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni uone kama inafunguka yakikaribia kuchemka.

Kitonga ni ugonjwa mwingine, na mimi namshuku rejeta. Gari la umri huo limeshanyweshwa maji ya visima vingapi? Chumvi yake hugandia ndani ya mirija. Injini ikiwa ya moto, izime, kisha pitisha kiganja taratibu mbele ya rejeta. Penye ubaridi pameziba. Ifungue, isukume kwa maji ya bomba kutoka chini kwenda juu, na nje uchomoe mbegu za nyasi na wadudu. Ikishindikana, peleka kwa mchomeleaji wa rejeta afungue tangi la juu achokonoe mirija. Simama naye hapohapo. Wapo wanaoubana mrija unaovuja na kuufunga kabisa, na kila mrija unaofungwa ni njia ya maji uliyoipoteza.

Angalia na mfuniko wa rejeta. Kwa mwinuko wa Njombe maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 93 tu. Mfuniko mzima wa paundi 9 za presha huyafikisha kama 109 kabla hayajachemka. Raba yake ikiwa imekauka, faida hiyo yote imekwenda. Ndani weka kulanti (dawa ya kuzuia kutu na kuganda) na maji safi, ya mvua yanafaa: blok yako, yaani mwili wa injini, ni ya chuma, inaota kutu, na maji matupu yakiganda usiku yanaweza kuipasua.

Siku ya kupanda, ingia gia ndogo mapema. Feni yako inazungushwa na mkanda, kwa hiyo injini ikibanwa kwenye gia kubwa na feni nayo inazunguka polepole. Fungua hita mpaka mwisho. Ndiyo, utatoka jasho, lakini hiyo ni rejeta ya pili. Likichemsha hata hivyo, zima, ukanunue vitunguu vya kupeleka nyumbani, usubiri nusu saa bila kugusa mfuniko. Nina kovu la mkono wa kulia nililolipata Ruaha Mbuyuni kwa haraka ya dakika tano. Na usimwagie maji baridi injini iliyokauka, utapasua hedi, sehemu ya juu ya injini.

Kama baada ya yote hayo bado linachemsha, mwambie fundi apime taimingi (wakati plagi zinapowasha petroli), kisha aangalie kama rejeta inatoa mapovu injini ikiunguruma. Mapovu yasiyokwisha mara nyingi ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na blok, imeharibika.

Na pampu? Shika feni, itikise mbele na nyuma. Kama haichezi, na kitundu kilicho chini ya pampu hakidondoshi maji, iache hapo ilipo.