Shangazi, mume wangu anakatwa kodi ya bure benki

Barua: Shangazi, shikamoo. Nina miaka 43, naishi Nzuguni hapa Dodoma, nimeajiriwa serikalini na ofisi yetu iko Mtumba. Mume wangu ni mwalimu mstaafu. Kiinua mgongo chake aliweka benki shilingi milioni 40 kwa mwaka mmoja, riba asilimia 9. Juzi nimeona karatasi za benki kwenye mkoba wake: riba 3,600,000, kodi 360,000. Roho imeniuma. Mume wa dada yangu yuko Leicester, Uingereza, anasema kule wanandoa wanahamishia akiba kwa mmoja wao ili kodi ipungue. Nikamwomba mwalimu ahamishie pesa kwenye akaunti yangu, akakataa. Tangu binti yake mkubwa (mama yake ni marehemu) aje Pasaka, maneno nyumbani yamebadilika. Nimeolewa miaka 9, nimemlelea wadogo wawili. Kwa nini haniamini? – Mke wa Mwalimu

Marahaba, mwanangu. Pole, na hongera kwa kulea watoto ambao hukuwazaa. Hiyo ni kazi kubwa na nitairudia. Ila kwenye hii kodi, mwalimu yuko sahihi, na binti yake pia.

Hapa Tanzania, riba ya akiba ya mtu binafsi benki inakatwa asilimia 10 juu kwa juu, na biashara ya kodi inaishia hapo. Benki haiulizi mshahara wako, haiulizi kama umeolewa. Pesa zikikaa kwa mwalimu, kodi ni 360,000. Zikihamia kwako, kodi ni 360,000. Mkizigawa, milioni 20 kwake na milioni 20 kwako, kila mmoja atakatwa 180,000. Jumlisha mwenyewe. Wewe ni mtumishi wa serikali, makato unayajua. Hesabu hii ilikuwa ya dakika mbili, na nashangaa hukuifanya kabla ya kumwomba mzee wa watu milioni 40.

Tuje kwa shemeji. Hakusema uongo. Uingereza kodi ya riba inafuata kipato cha mtu. Tangu 2016, anayelipa kodi ya asilimia 20 hatozwi kwa riba ya paundi 1,000 za kwanza kwa mwaka. Wa asilimia 40 anapewa paundi 500 tu, na wa asilimia 45 hapewi kitu. Ndiyo maana wanandoa wa kule wanaweka akiba kwa yule mwenye kipato kidogo. Akaunti ikiwa ya pamoja, kwa kawaida riba inahesabiwa nusu kwa nusu. Hiyo ni sheria yao, wameitunga kwa ajili yao. Wahenga walishasema usisafirie nyota ya mwenzio.

Sasa nisikilize vizuri. Hata tukiichukua hiyo sheria ya Leicester tukaileta Nzuguni, pesa zinakaa kwa nani? Kwa mwenye kipato kidogo. Kati ya mwajiriwa wa Mtumba na mwalimu mstaafu anayesubiri pensheni, mwenye kipato kidogo ni nani? Ushauri wa shemeji yako unasema pesa zibaki kwa mwalimu! Naamini uliliona hilo, ukaliruka.

Na kuna jambo jingine hukuliuliza. Kama wasiwasi wako ungekuwa usalama wa hizo pesa, ungeniuliza kuhusu Bodi ya Bima ya Amana, ambayo benki ikianguka inamlipa mwenye amana hadi shilingi 7,500,000 kwa benki moja. Mwenye milioni 40 kwenye benki moja ana sababu ya kulifikiria hilo. Wewe umeng'ang'ania 360,000 na jina la akaunti.

Kwa hiyo hii si barua ya kodi. Ni barua ya mirathi. Unaogopa mwalimu akitangulia, binti mkubwa atakuja na wajomba, wewe utaondoka na begi lako. Hofu hiyo naielewa na haina aibu, wajane wengi wameyaona hayo. Lakini mficha uchi hazai. Umemficha mumeo hofu yako, ukampelekea habari za Uingereza, na mzee aliyefundisha maisha yake yote akajua kuna kitu. Hapo ndipo alipoacha kukuamini. Binti alikuja akakuta tatizo mlilolianza ninyi wawili.

Binti huyo namtetea kabisa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mwanandoa akimpa mwenzake mali, inachukuliwa kuwa ni mali ya aliyepewa moja kwa moja, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mwalimu akihamisha milioni 40, amekupa. Baba wa watoto kadhaa akitoa kiinua mgongo chake chote mara moja, mtoto mkubwa asiposema neno, nani aseme?

Naona haya kwenye barua nyingi siku hizi. Wanandoa wanazungumza uwekezaji, riba, mpango wa fedha, na chini yake kuna mtu anataka kuuliza, "Utaniacha na nini?" Wanawake wa zamani waliuliza wazi, tena mbele ya wazee, na mume akajibu mbele ya wazee. Leo tunapekua mikoba usiku na kupiga picha karatasi za benki. Ndoa ina mishahara miwili, simu nne, na hakuna anayejua mwenzake ana nini. Wewe mwenyewe, mwanangu, umeandika kila shilingi ya mwalimu. Ya kwako hukuandika hata moja. Naye anaiona karatasi yako ya mshahara?

Basi fanya hivi. Mwambie ulifungua mkoba wake, umwombe radhi. Kisha mwambie hofu yako kwa jina lake, na umtajie na wewe unachomiliki. Mwombe aandike wosia, RITA (wakala wa Serikali wa usajili na udhamini) wanasaidia kuuandika na kuutunza, na binti ajue kwamba upo. Mkitaka akaunti ya pamoja, ifunguliwe kwa pesa za wote wawili. Mali ikiwa kwa majina yenu wote, sheria inaanza kwa kuhesabu kila mmoja ana nusu. Na ile kazi yako ya kulea usidhani haina thamani. Tangu 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kesi ile ilikuwa ya talaka, lakini mwalimu akiandika wosia mkumbushe.

Na kama kodi inakuuma kweli, dawa ipo, na haihitaji kubadili jina la mtu. Hatifungani za Serikali, yaani unaikopesha Serikali nayo inakulipa riba, zile za muda mrefu, za kuanzia miaka 5 hadi 25, riba yake haikatwi hiyo asilimia 10. Ya miaka 2 inakatwa. Mnaanzia shilingi milioni 1, na riba inaingia kila baada ya miezi sita, jambo linalomfaa mstaafu. Asifunge zote, maana akizihitaji katikati itabidi auze sokoni na bei inaweza kuwa imeshuka. Sehemu ibaki benki kwa ugonjwa na ada za hao wadogo. Omba ruhusa kazini siku moja, nendeni wote wawili kwenye benki yenu au tawi la Benki Kuu (BoT) hapa Dodoma, na maswali aulize mwalimu.