Jumafika: Ushauri kwa Anayechapisha Kitabu Chake Mwenyewe

Kitabu changu cha kwanza kina sentensi inayosomeka hivi: «Jumafika nyumbani usiku wa manane, akiwa amelowa.» Si lahaja ya mahali fulani wala si ufundi wa kifasihi. Mhusika huyo mdogo aliitwa Ali tangu nilipoanza kuandika, na usiku wa mwisho kabla ya kupeleka faili kwa mchapaji nilikumbuka kwamba mjomba wangu naye anaitwa Ali, na kwamba angeapa ni yeye anayesemwa. Nikaamua aitwe Juma. Niliichagua sehemu yenye sura tatu anamotajwa, nikaiagiza kompyuta itafute «Ali» na kuweka «Juma» kila mahali, tena nikajiona mjanja kwa kuitaka izingatie herufi kubwa ili isije ikaharibu maneno kama «mahali» na «swali». Nilichosahau ni kwamba simulizi ya Kiswahili hufungua sentensi zake kwa «Alifika», «Aliketi», «Alipoona» na «Aliyekuwa» pengine zaidi ya kwa neno lingine lolote. Zikachapwa nakala 500. Msomaji wa kwanza kunipigia simu, kijana wa chuo, aliuliza kwa adabu kabisa kama Jumaketi na Jumapofika ni ndugu.

Ninaanza na aibu hiyo kwa sababu waandishi wengi wapya wanaonijia na miswada yao huamini kwamba uhariri ni dawa ya watu wasiojua Kiswahili. Mimi nilikuwa nakijua, na nilikuwa nimeusoma mswada ule mara nyingi kiasi cha kuweza kutaja aya kwa kichwa. Kosa halikutokana na ujinga wa lugha. Lilitokana na kwamba baada ya mkono wangu kuugusa mswada kwa mara ya mwisho, hakuna jicho lingine lililoupitia. Kampuni ya uchapishaji ina watu wa kufanya kazi hiyo: mmoja hupima kisa, mwingine husafisha lugha, mwingine husoma prufu, yaani nakala ya majaribio ya kurasa zilizokwisha kupangwa. Anayejichapishia mwenyewe amerithi viti vyote hivyo, na mara nyingi hukalia kimoja tu, kile cha mwandishi, kisha akakimbilia kwa mchora jalada. Nimeona watu wakilipia jalada la rangi na hafla ya uzinduzi yenye maji ya chupa na keki, lakini wakaona bei ya mhariri ni ya kuwaonea.

Tofautisha mapema kati ya mchapishaji na mchapaji. Mchapaji, yule wa mashine na karatasi, atachapa ulichompelekea. Si kazi yake kukuambia kwamba sura ya sita imeandikwa «Sura ya Tano», na usimlaumu asipokuambia.

Kazi yenyewe ina mpangilio wake, na mpangilio huo ukivurugwa fedha hupotea. Hakuna maana ya kumlipa mtu asahihishe nukta na mikato katika sura ambayo wiki ijayo utaifuta. Kwa hiyo kwanza huangaliwa kitabu kizima: kisa kinasimama au kinayumba, nani anajua nini na alikijua lini, miaka inakubaliana au inagombana. Niliwahi kuletewa riwaya nzuri, yenye lugha ya kuvutia, ambamo mhusika mkuu anapanda treni Makambako mwaka 1966 kwenda kutafuta kazi Dar es Salaam. Reli inayopita Makambako ni TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukamilika mwaka 1975. Mwandishi alikuwa amezaliwa reli ikiwapo, na kwake Makambako bila treni haikuwazika. Kurekebisha hilo hakukuwa kubadilisha tarakimu moja, kwa sababu umri wa mhusika, mwaka wa ndoa yake na tukio la Azimio la Arusha la 1967, analolisikia redioni akiwa tayari mjini, vyote vilikuwa vimefungwa kwenye safari ile. Mwishowe alisafiri kwa lori la mizigo, na nathubutu kusema sura hiyo ikapendeza zaidi, maana ndani ya lori kuna maongezi ambayo behewa lisingeyapata. Marekebisho ya namna hiyo hufanyika wakati mswada ungali mswada.

Katika hatua hiyohiyo jihadhari na jambo ambalo Kiswahili kinatutega. Viambishi vyetu vya nafsi ya tatu havibagui mwanamume na mwanamke, na ni sifa nzuri, lakini soma sentensi hii: «Zuberi alimwambia Mariamu kwamba mama yake anaumwa, akainama na kuanza kulia.» Ni mama wa nani anayeumwa? Nani aliyelia? Mwandishi hana shaka hata kidogo, kwa kuwa yeye anawaona wote wawili kichwani mwake, mmoja kasimama mlangoni na mwingine kakaa mkekani. Msomaji hana mkeka wala mlango, ana herufi tu. Nimekuwa na desturi ya kuweka alama ya duara kila ninapokuta watu wawili na kitenzi kimoja kinachoweza kuwa cha yeyote kati yao, na katika mswada wa kawaida duara hizo hujaa ukurasa hadi ukurasa. Nyingi hutibika kwa kurudia jina, jambo ambalo waandishi huliogopa bure.

Baada ya kisa kutulia ndipo tunafika kwenye lugha yenyewe, na hapa naomba nikae kidogo. Anayeandika Kiingereza anakaa mbele ya kompyuta inayomkosoa kila anapoteleza. Wewe unaandika Kiswahili katika programu ambayo, isipowekewa kamusi ya lugha yetu, hupigia mstari mwekundu karibu kila neno, mpaka unachoka na kuizima. Kamusi hizo zipo na zinawekeka. LibreOffice, kwa mfano, ina ya Kiswahili, na ni vyema kuitafuta. Hata hivyo usiitegemee kupita kiasi. Makosa yanayotusumbua zaidi ni yale ambayo neno lililokosewa nalo ni neno halali. Katika mswada mmoja wazee walikaa barazani jioni nzima wakijadili mahali, wakaafikiana kuhusu mahali, na mwisho bwana harusi akalipa nusu ya mahali. Kompyuta haikuona tatizo lolote, kwa sababu «mahali» lipo katika kamusi kama lilivyo «mahari». Vivyo hivyo kwa «kula» na «kura», «zana» na «dhana», «ili» na «hili», «aya» na «haya». Ng'oa ni kuondoa kitu na mizizi yake, na ngoa ni wivu. Kilichotenganisha maana hizo mbili ni alama moja ndogo, ambayo hupenda kupotea faili linapohamishwa kutoka programu moja hadi nyingine. Kila mtu na ajue udhaifu wake wa matamshi, kwa kuwa unachokosea mdomoni ndicho utakachokosea kalamuni. Mimi kwetu tunachanganya r na l, nami sioni haya kulisema, na kila mswada wangu naupitia mara moja nzima nikitafuta herufi hizo mbili peke yake.

Kuna kosa la pili ambalo huwapata hata walimu, nalo ni upatanisho unaopotea katikati ya sentensi ndefu. «Viti alivyovinunua baba yake kule Moshi kwa fedha za mauzo ya kahawa zilikuwa zimeanza kuoza.» Kilichooza ni viti, ila kufikia mwisho wa safari ile sikio limekwisha kukamatwa na «fedha», na kitenzi kikaifuata. Kosa hili halionekani kwa macho yanayokimbia. Dawa yake ni kusoma kwa sauti, si kwa kunong'ona, na kila ukikutana na kitenzi kikuu kilicho mbali na mwenyewe, urudi nyuma kwa kidole umtafute. Ukiona umerudi nyuma mara tatu katika sentensi moja, ikate.

Kisha kuna mambo ambayo si makosa ila ni maamuzi. Je, utaandika «siyo» au «sio»? Tarehe utaziandika kwa tarakimu au kwa maneno? Wakubwa wenyewe hawakubaliani katika kila kitu: TUKI, taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, BAKIZA, baraza la Kiswahili la Zanzibar, wakatoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, na utaona kwamba hata katika majina ya vitabu hivyo neno «kamusi» limewekwa katika ngeli mbili. Msomaji hatakushtaki kwa kuchagua mojawapo, ila atachoka ukimpa zote mbili katika ukurasa mmoja. Nunua daftari la bei ndogo, na kila unapoamua jambo la namna hiyo liandike humo pamoja na tahajia ya majina ya wahusika na vijiji. Daftari langu la kitabu cha pili lina kurasa kumi na nne, na mojawapo imejaa tu jina la mto ambao nilikuwa nimeuandika kwa namna nne.

Kuhusu kumpata mhariri, sitasema mengi. Rafiki atakuambia «safi sana, hongera», na anamaanisha anakupenda. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuwa mhariri hodari, lakini si kila mwalimu ni mhariri. Wapo wanaosahihisha riwaya kama insha ya kidato cha pili, wakayanyoosha hata maneno ya mlevi kilabuni. Mpe kurasa kumi kwanza, umlipe kwa hizo kumi, uone alichogusa na alichoacha. Kubalianeni kwa maandishi atafanya nini, kwa muda gani na kwa malipo gani, na mwombe kila badiliko alifanye lionekane ili uweze kulikataa. Atakapokurudishia kazi utakasirika. Hilo ni la kawaida, weka mswada kabatini siku mbili kabla ya kumjibu.

Prufu ni hatua ya mwisho, na ndiyo iliyonichoma. Baada ya msanifu kupanga kurasa, kilichopo si mswada tena bali ni kitabu, na kazi iliyobaki ni kuwinda makosa, si kuandika. Kitabu kinachochapwa kwa mashine kubwa mara nyingi hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 16, kwa hiyo kitabu cha kurasa 160 ni mafungu kumi kamili, na aya moja utakayoichomeka dakika za mwisho inaweza kusukuma mstari hadi ukurasa wa 161, ukaanza kulipia karatasi tupu. Chapa prufu kwenye karatasi. Angalia hasa sehemu ambazo macho huzipita kwa kuziamini: vichwa vya sura, yaliyomo dhidi ya namba halisi za kurasa, mgongo wa kitabu, na jina lako mwenyewe kwenye jalada.

Mtu aliyenifundisha kusoma prufu ni mwalimu mstaafu aliyenunua kile kitabu cha akina Jumafika. Alinirejeshea nakala yake baada ya mwezi, akiwa ameijaza alama za penseli kuanzia ukurasa wa shukrani, na ndani akabandika kikaratasi: «Mwanangu, kisa ni kizuri. Ungeniita mapema.» Kitabu cha pili nilimwita. Anasoma akiwa ameweka rula chini ya mstari, ili jicho lisiruke mbele, na kila siku husoma kurasa ishirini tu. Kuanzia ukurasa wa ishirini na moja, anasema, huwa anaanza kusoma kisa badala ya herufi. Ile prufu ambayo mimi na mhariri tulikuwa tumeitangaza kuwa safi, aliirudisha na makosa 41. Shikamoo yangu ilinitoka kwa shida. Tulikaa kibarazani kwake tukayapitia moja baada ya jingine, na kati ya hayo 41, tisa yalikuwa katika ukurasa mmoja, ule niliouandika upya jioni ya kuamkia siku ya kumpelekea.