Chombo hakioni mafuta: kwa mnaoanza kazi ya kupima visima

Tangu bomba la kutoka Uganda lianze kujengwa kuja Chongoleani, vijana wa hapa Tanga wananiuliza sana habari za kazi ya mafuta. Wengi wanawaza kuchomelea mabomba au kuendesha malori. Wachache, hasa waliosoma jiolojia na fizikia, wanauliza kazi yangu mimi: kushusha vyombo kisimani kwa waya na kupima mwamba pamoja na kilichomo ndani yake. Nimeifanya miaka mingi, na muda mwingi nimekuwa mbali na nyumbani, maana hapa Tanga ni mwisho wa bomba tu. Visima vyenyewe viko kando ya Ziwa Albert. Basi wadogo zangu, haya ndiyo ambayo ningeshukuru kuambiwa siku ya kwanza.

Hakuna chombo kinachoona mafuta. Cha gama kinahesabu mionzi ya asili inayotoka kwenye mwamba. Udongo mfinyanzi una potasiamu na thoriamu nyingi kwa hiyo unasoma juu, jiwe mchanga safi linasoma chini. Cha nyutroni kinahisi haidrojeni, ambayo imo katika maji na mafuta yaliyojaa kwenye mwamba. Cha densiti kinapima uzito wa mwamba kwa ujazo wake. Cha umeme kinapima ukinzani, yaani jinsi mwamba unavyozuia umeme kupita. Neno "mafuta" halimo katika hata kimoja. Wewe ndiye unayelitamka, na ukilitamka vibaya watu watatoboa mahali pasipo na kitu.

Tuchukue densiti, maana ndiyo inayowadanganya wengi. Chembe za kwazi, yaani mchanga, zina gramu 2.65 kwa sentimita moja ya ujazo. Maji ni gramu 1. Chombo kikisoma 2.32, unatoa 2.32 kwenye 2.65 unapata 0.33, unagawa kwa 1.65 (yaani 2.65 toa 1 ya maji), jibu ni asilimia 20: hiyo ndiyo nafasi ya vinyweleo ndani ya jiwe. Sasa kama lile jiwe si mchanga bali ni chokaa, kama ile ya mapango ya Amboni, chembe zake ni 2.71. Namba ileile 2.32 inakupa karibu asilimia 23. Chombo hakijabadilika, kisima hakijabadilika, umekosea jina la jiwe tu. Ndiyo maana ninawasihi mtazame vipande vya mwamba vinavyopanda na tope la kuchorongea kabla hamjagusa kompyuta. Vioshe, viweke chini ya lenzi, vidondoshee asidi kidogo uone kama vinachemka. Wenzenu wengi huliacha hilo kwa mjiolojia wa mtambo, kisha wanakaa na grafu usiku kucha wakibishana na jambo ambalo tone moja la asidi lingelimaliza.

Mwaka wangu wa pili kazini niliona mita nne ambazo densiti ilianguka hadi 2.05. Nyutroni nayo ilipanda. Nikaandika kwenye ripoti ya zamu: mchanga mzuri sana, vinyweleo vingi. Nilikuwa na furaha, nikamwamsha mkubwa wangu saa tisa ya usiku. Akaja na kikoi chake begani, akatazama kwa muda bila kusema kitu, kisha akaniuliza, "Mdogo wangu, shimo hapo lina upana gani?" Sikuwa nimeangalia. Tulichoronga kwa keekee ya inchi 8.5, lakini mkono wa kalipa, chombo kinachopima upana wa shimo, ulikuwa umefunguka hadi inchi 14. Kuta zilikuwa zimeporomoka. Chombo cha densiti hufanya kazi kikiegemea ukuta wa kisima. Pale hakikuegemea kitu, kilikuwa kinapima tope letu wenyewe. Mzee hakunigombeza. Alichukua kalamu, akapiga mstari juu ya zile mita nne, akaniambia nianze na kalipa kila mara, kabla ya mchoro mwingine wowote. Hadi leo macho yangu huenda huko kwanza.

Gesi ina alama yake tofauti na hiyo. Densiti inashuka, lakini nyutroni nayo inashuka, kwa sababu gesi ina haidrojeni chache kwa ujazo. Mistari miwili ikipishana na kalipa ikiwa imenyooka, hapo moyo una haki ya kudunda.

Kuhusu umeme, fikiria mashamba ya chumvi ya mwambao wetu. Maji yale yanapitisha umeme vizuri kwa sababu ya chumvi. Maji ya chini kabisa ya ardhi mara nyingi ni hivyo hivyo, ila mafuta na gesi havipitishi. Mwaka 1942 Gus Archie, mhandisi wa mafuta wa Marekani, alitoa kanuni inayounganisha mambo haya, na bado tunaitumia. Kwa umbo lake jepesi: gawa ukinzani wa maji ya mwamba kwa ukinzani wa mwamba wenyewe ukizidishwa na kipeo cha pili cha vinyweleo, kisha tafuta kipeuo cha pili. Mwamba ukisoma omu-mita 20, vinyweleo asilimia 20, na maji yake ni 0.05, unapata maji asilimia 25 ya nafasi ya vinyweleo, na kilichobaki ni mafuta au gesi. Lakini kama maji yale ni matamu zaidi, tuseme 0.2, jibu linaruka hadi asilimia 50. Kisima kizuri kimegeuka kisima cha mashaka kwa sababu ya chumvi tu! Msikopi namba ya maji kutoka kisima cha jirani bila kuuliza ilipatikanaje.

Kuhusu kina nitasema kwa ufupi. Waya hurefuka ukiwa na mzigo na joto, kwa hiyo kila mnaposhuka upya oanisheni kina kwa mchoro wa gama. Mkikosea mita moja, kipimo cha shinikizo kitabandikwa kwenye udongo mfinyanzi, na mtasubiri bure.

Shinikizo lenyewe ndilo ninalolipenda kuliko yote. Unapima vituo kadhaa vya kina tofauti ndani ya tabaka moja. Penye maji, shinikizo huongezeka karibu bari moja kila mita kumi. Penye mafuta mepesi ni kama 0.8, gesi ni kidogo zaidi. Chora shinikizo dhidi ya kina: mstari wa mafuta na wa maji ikikutana, hapo ndipo mafuta yanapoishia na maji yanapoanzia, hata kama hakuna kituo kilichopima pale penyewe.

Kisha sampuli ya kilichomo ndani ya mwamba. Tope letu limeshaingia ukutani, hivyo kinachotoka kwanza ni maji yetu wenyewe. Endelea kuvuta, tazama kipimo kibadilike na kutulia, ndipo ufunge chupa. Inaweza kuchukua saa nyingi, na watu wa mtambo watakusukuma kwa sababu kila saa ni pesa. Usikubali. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, na hiyo ndiyo sababu bomba la kilomita 1,443 linalokuja Chongoleani limefunikwa lisipoteze joto na kuwekewa nyaya za kulipasha njia nzima. Tabia hiyo ilijulikana kutoka kwenye chupa kama hizo.