Mwalimu wa Gita Anajibu: Barua Tatu Kuhusu "Texas Flood"

Toleo lililopita niliitaja "Texas Flood", albamu ya kwanza ya Stevie Ray Vaughan, mpiga gita la bluzi kutoka Texas, Marekani, na tangu hapo barua hazijakatika. Nyingi zinauliza yale yale, kwa hiyo nimechagua tatu. Moja imekuja na hasira. Nimeiweka mwisho ili wengine wasome kwa amani kwanza.

Swali: Shikamoo mwalimu. Najifunza gita la umeme na nimeupenda sana wimbo wa "Pride and Joy" uliomo kwenye albamu hiyo. Kwa kuangalia vidole vya Vaughan kwenye video naona anaanza na E, lakini nikipiga pamoja na rekodi, gita langu linalia juu kidogo, hadi meno yananiuma. Nimelityuni kwa programu ya simu na nyuzi zote ziko sawa. Mdogo wangu anasema rekodi imepunguzwa mwendo. Ni kweli?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Masikio yako mazima, na mdogo wako hajapatia. Rekodi haijachezewa. Vaughan alilegeza nyuzi zote 6 kwa nusu toni, yaani umbali wa freti moja, kwa hiyo umbo la vidole ni E lakini kinachosikika ni E-flati. Kuanzia uzi mnene tyuni hivi: E-flati, A-flati, D-flati, G-flati, B-flati, E-flati. Programu nyingine zitakuandikia D#, G#, C#, F#, A#, D#. Usishtuke, ni nota zile zile.

Nyuzi zikilegea zinavutika kirahisi, na mwimbaji naye hapandi juu sana. Kwa Vaughan kulikuwa na sababu ya ziada: alifunga nyuzi nene kupita kiasi. Uzi wake wa kwanza ulikuwa wa inchi 0.013, wakati wengi wetu kwenye gita la umeme tunafunga 0.009 au 0.010. Usimwige hapo. Yeye mwenyewe vidole vilimchanika, akawa anaziba ngozi kwa supaglu ili apande jukwaani. Nyuzi zako za kawaida zitakutosha miaka mingi.

Ukishatyuni utakutana na kazi yenyewe, nayo iko mkono wa kulia. Kila mwanafunzi ninayempa wimbo huu anahangaika na vidole vya kushoto, kumbe anakosea kwingine. Hesabu 1, 2, 3, 4. Kwenye kila namba gonga nota ya besi kwenye nyuzi nene, mkono ukishuka. Mkono unaporudi juu, kwangua nyuzi nyembamba. Lakini usikwangue nusu ya njia. Gawa kila pigo mara 3, halafu mkwaruzo uangukie sehemu ya tatu. Hiyo ndiyo shafo. Ukigawa nusu kwa nusu, wimbo unageuka gwaride.

Nyuzi nyembamba nazo zisilie muda mrefu. Acha mkono wa kushoto uziguse tu baada ya mkwaruzo, zife palepale, utoke mlio mfupi kama wa ngoma. Besi inatembea, mkwaruzo unajibu, na mtu aliye chumba cha pili ataapa mko wawili. Anza polepole sana, baa 12 tu (baa moja ni hesabu ya 1 hadi 4), bila solo. Solo utaitamani, najua. Iache kwanza.

Swali: Mwalimu, nimesikia kwamba albamu hiyo ilirekodiwa kwa siku 3 na hawakulipa hata senti. Sisi ni bendi ya watu 3, tuna nyimbo 8, na tunafikiria kukodi studio kwa siku 3 vilevile. Tutaweza?

Jibu: Habari uliyoisikia ni ya kweli, ila imekatwa kichwa na miguu.

Julai 1982 Vaughan na bendi yake, Double Trouble, walipiga kwenye tamasha la Montreux, Uswisi. Hawakuwa na mkataba wa kurekodi na kampuni yoyote. Sehemu ya watazamaji ikawazomea, na ukiisikiliza rekodi ya usiku ule kelele hizo zimo. Lakini safari ile iliwakutanisha na wanamuziki wawili waliobadilisha mambo: David Bowie, aliyemwita Vaughan apige gita kwenye albamu yake iliyotoka 1983, na Jackson Browne, aliyewapa studio yake ya Los Angeles kwa saa 72 bila malipo.

Wakaenda Novemba, wakati wa sikukuu ya Thanksgiving. Studio yenyewe ilikuwa ndani ya ghala. Siku ya kwanza ilimezwa na kupanga vyombo na kutafuta sauti, na kazi hasa ikafanyika siku 2 zilizobaki. Hata kanda hazikuwa mpya, walirekodi juu ya kanda zilizokwisha kutumika. Walikaa karibu karibu, gita, besi na drams, wakapiga kwa pamoja kama wako klabu. Akilini mwao walikuwa wanatengeneza demo ya kutembeza kwa makampuni. Kanda ikamfikia John Hammond, prodyuza mzee aliyewahi kuwasimamia Billie Holiday na Bob Dylan, na kupitia kwake ikafika kampuni ya Epic. Albamu ikatoka Juni 13, 1983, ikiwa na nyimbo 10.

Sasa turudi kwenu. Zile siku 2 zilitosha kwa sababu ndani ya studio hakukuwa na la kuamua. Vaughan, mzaliwa wa Dallas, aliacha shule akiwa na miaka 17 akahamia Austin, na tangu hapo riziki yake ilikuwa klabu. Tommy Shannon, mpiga besi, alishapiga kwenye tamasha la Woodstock mwaka 1969 akiwa na mpiga gita Johnny Winter. Yeye, Vaughan na Chris Layton wa drams walikuwa pamoja tangu mapema 1981. Kwa hiyo "albamu ya kwanza" hapa ni ya watu waliokwisha kuiva. Sikiliza "Rude Mood", ule usio na uimbaji unaokwenda mbio: mwendo haupandi wala haushuki, na hakuna anayemtafuta mwenzake.

Ninyi jirekodini kwa simu, nyimbo zote 8 mfululizo, bila kusimama. Mkimaliza mara mbili bila mtu kupotea, kodini. Mkikwama wimbo wa tatu, pesa ya studio bado ina kazi nyingine. Na siku ya kwanza msiihesabu kabisa, italiwa na nyaya na maikrofoni.

Swali: Mnamsifia mzungu wa Texas kana kwamba ndiye aliyeileta bluzi duniani. Wenyewe, Wamarekani weusi, mmewasahau. Andikeni ukweli.

Jibu: Ndugu yangu, hukunisalimia, lakini hoja yako ina uzito na siipingi. Nina nyongeza tu.

Katika nyimbo 10 za albamu ile, 4 si zake, na wimbo ulioipa albamu jina ni mmoja wao. Huo ni wa Larry Davis, aliyeurekodi mwaka 1958. "Tell Me" ni wa Howlin' Wolf, "Mary Had a Little Lamb" ni wa Buddy Guy, "Testify" ni wa Isley Brothers. Vaughan hakuwaficha waliomfundisha, na kwenye mahojiano majina ya Albert King na Buddy Guy yalimtoka. Anayesikiliza "Texas Flood" yake bila kuutafuta ule wa Davis amesoma nusu ya barua.

Ila uchungu wako ungeupeleka kwenye hili neno "albamu ya kwanza". Muddy Waters, mkongwe wa bluzi, alirekodiwa mara ya kwanza mwaka 1941 huko Mississippi, na sahani yake ndefu ya kwanza, yaani albamu, ilitoka 1958, tena ni mkusanyo wa singo (sahani ndogo za wimbo mmoja mmoja) za miaka iliyopita. Howlin' Wolf alipata yake 1959 akikaribia miaka 50, nayo ni singo zilizokusanywa. Kampuni ilikuwa moja, Chess ya Chicago. Wateja wao walinunua sahani ndogo, zilizowekwa pia kwenye juke boksi, mashine za kuchezesha sahani, za baa, kwa hiyo hakuna aliyewaita wakae studio watengeneze albamu.

Robert Johnson, mpiga gita mwingine wa bluzi, hakuiona albamu yake kabisa. Alirekodi nyimbo 29 tu, San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937, akafa Agosti 1938 akiwa na miaka 27. Mwezi Desemba mwaka huohuo John Hammond, huyuhuyu wa kanda ya Vaughan, aliandaa onyesho Carnegie Hall, New York, akamtafuta Johnson apande jukwaani, akaambiwa ameshakufa. Albamu ya Johnson ilitoka 1961.

Kama unataka mpiga gita mweusi wa Chicago aliyeingia studio kutengeneza albamu yake ya kwanza kama albamu, chukua "West Side Soul" ya Magic Sam, iliyorekodiwa 1967 kwa kampuni ndogo ya Delmark. Kwangu mimi inaipita "Texas Flood" kwa uimbaji, tena mbali. Alifariki Desemba 1969 akiwa na miaka 32. Toleo lijalo nitaichambua wimbo kwa wimbo, na wewe, kama hasira imepoa, niandikie unayoona nimeyaruka.